Nalala kwenye Hiace kwa ajili ya kazi, mchumba anataka niiuze

Shikamoo mama,

Mimi ni muuguzi mkunga, nina miaka 31, kwetu ni Wanging'ombe. Barua hii nimeiandika kipande kipande kwenye zamu za usiku, wodi ikitulia, kwa hiyo ukiona nimeruka jambo hapa na pale unisamehe. Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu watu wanajuana.

Mpaka mwanzoni mwa 2025 nilikuwa na kazi kwenye mradi wa Ukimwi. Unajua mama, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza kwa maambukizi nchini, kwa hiyo miradi ilijaa huku, na wauguzi wengi tulikuwa tunalipwa na miradi, si na serikali. Januari ile Marekani iliposimamisha misaada yake tuliitwa kikaoni, tukakabidhi vifaa, kila mtu akashika njia yake. Nilikuwa nimepanga chumba Mbeya mjini. Kodi ikaisha nikiwa bado nahangaika na kazi. Mwenye nyumba alinivumilia kidogo, halafu jioni moja nikarudi nikakuta kufuli jipya mlangoni na ndoo zangu zimepangwa nje. Hayo yamepita.

Tangu hapo kazi ninazopata ni za kushikia wenzangu nafasi. Muuguzi anaenda likizo ya uzazi Tukuyu, nakaa pale mpaka arudi. Zahanati ya shamba la chai upande wa Mufindi inataka mtu wa msimu, naenda. Hospitali ya misheni karibu na Makambako ina upungufu, wananipa mwezi na nusu. Katikati zinakuja kampeni za chanjo, siku chache na posho, tunabeba vibebeo vya chanjo vijijini. Kazi si mbaya, naipenda. Shida ni mahali pa kulala. Kila chumba unachoulizia wanataka kodi ya miezi sita mbele. Mkataba wa miezi miwili, kodi ya miezi sita! Nimelala kwenye stoo ya dawa. Nimelala nyumba ya wageni yenye baa chini. Nimelala kwa mfanyakazi mwenzangu mpaka mume wake akaanza kuniuliza naondoka lini.

Kwenye simu nilikuwa naangalia video za wauguzi wa Marekani wanaohama hospitali hii kwenda ile, wakiishi kwenye magari yao yenye kitanda na jiko. Nikajiambia, mimi nashindwa nini? Nikakusanya akiba yangu, na kile mradi ulichotulipa tulipoachishwa, na fungu langu la kikoba, nikanunua Hiace iliyokuwa daladala. Pesa ilikuwa yangu, ingawa sehemu yake tulishazungumza na mchumba wangu kwamba itaingia kwenye bati la nyumba anayoijenga. Fundi wa Mafinga akang'oa viti, akanitengenezea kitanda cha mbao za paina na masanduku chini yake. Nina mapazia mazito, sola ndogo ya taa na simu, mtungi mdogo wa gesi na madumu mawili ya maji. Kwenye baridi ya Juni na Julai nikiwa Njombe au Makete nawasha jiko la mkaa mlemle ndani mpaka gari lipate joto, nafungua dirisha kidogo, nalala vizuri. Mara nyingi naegesha ndani ya uzio wa hospitali karibu na mlinzi, naoga kwenye bafu la wafanyakazi, asubuhi nachemsha chai yangu nikiangalia ukungu. Mama, sijawahi kulala usingizi mzuri kama huu maishani mwangu.

Lakini watu wanasema. Mwanamke peke yake kwenye gari, na sisi tuko kwenye barabara ya malori ya Tunduma, unajua wanachosema. Siku moja nilikosa pa kuegesha nikalala kwenye maegesho ya malori Makambako, na usiku mtu akavuta mlango. Nilipiga honi akakimbia. Asubuhi napiga mswaki nje, nani anapita? Shemeji yangu, kaka wa mchumba wangu. Hakusalimia hata, alipiga simu Mbeya.

Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari, barua ya posa ilishapelekwa, mahari imelipwa nusu. Anajenga Uyole, nyumba imefika kwenye lenta. Alisema mke wake hawezi kulala barabarani kama utingo. Anataka niuze gari, tupaue, na kama kazi haijapatikana Mbeya nikae nyumbani kwanza. Mama yangu naye kila jioni anapiga: "Leo unalala wapi?" Kanisani amewaambia wenzake kwamba nina chumba Njombe. Ni aibu anayoibeba kwa ajili yangu na inaniuma.

Sasa kuna hospitali moja ya misheni upande wa Rungwe, nimewashikia nafasi mara kadhaa, wamenipa barua ya ajira ya kudumu pamoja na nyumba ndani ya uzio. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Kila mtu angefurahi. Mimi nilipoisoma nililia, na haikuwa furaha. Sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikimwambia mchumba wangu mjadala umeisha, na nikimwambia mama atalitangaza kanisani Jumapili hiyohiyo.

Niuze gari nianze kuishi kama watu? Au ninyamaze barua ipite? Nimechoka kuonekana wa ajabu.

Mimi niliye njiani,
Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya mchumba, kabla ya mama, tuanze na jiko la mkaa. Litoe ndani ya gari usiku wa leo. Wewe ni muuguzi, ukiletewa mgonjwa aliyelala na mkaa ungejua la kufanya kabla daktari hajafika: ile hewa ya sumu haina rangi wala harufu, inashikamana na damu kwa nguvu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni, na anayeivuta usingizini hapati muda wa kushtuka. Kila msimu wa baridi mikoa yetu inazika watu kwa jambo hili, na wengi wao walikuwa na chumba kikubwa kuliko Hiace. Dirisha kidogo halitoshi. Tumia chupa ya maji ya moto, soksi za sufu, blanketi la pili na la tatu. Gesi pikia mlango ukiwa wazi, na funga mtungi kabla hujapanda kitandani. Kitulo huko umande unaganda, najua baridi yake, lakini baridi hiyo utaamka nayo.

Sasa tuje kwako.

Unaniuliza uuze gari au barua ipite. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimeona gari limetajwa tena na tena, kufuli limetajwa mara moja tu, kisha ukaweka neno "hayo yamepita". Kweli yamepita? Mtu aliyerudi nyumbani jioni akakuta ndoo zake nje, halafu akapata mahali ambapo ufunguo uko mfukoni mwake mwenyewe, ukimwona analala usingizi ambao hajawahi kuupata maishani, mimi sishangai. Wala sioni uajabu. Nashangaa tu kwamba kila mtu, na wewe pamoja nao, anaijadili hii Hiace kama suala la aibu, kumbe huenda ni suala la mlango.

Tukiliangalia hivyo, kilio chako siku ya barua kinaanza kueleweka. Nyumba ya ndani ya uzio ni ya hospitali. Ukiacha kazi, ukigombana na mtu, au hospitali ikikosa fedha kama mradi ulivyokosa, unakabidhi funguo. Umeshakabidhi vifaa mara moja, mwili wako unakumbuka. Basi hofu yako si ya kitoto, ina sababu.

Lakini nikuulize na upande wa pili. Hiace nayo inalala kwenye ardhi ya nani? Umesema unaegesha ndani ya uzio karibu na mlinzi. Mlinzi akibadilishwa, au akija katibu mpya wa hospitali asiyetaka magari usiku, utaenda wapi? Ulishapaona: maegesho ya malori, na mkono wa mtu kwenye mlango. Gari ni lako, kiwanja ni cha watu, na unaishi kwa hisani ya kila geti unalopita. Na daladala iliyochoka kupakia abiria haiwi changa kwa kuwekewa kitanda. Siku injini ikigoma, chumba chako cha kulala kinalala gereji na wewe unarudi kulekule kwenye nyumba ya wageni yenye baa chini. Breki zake nazo zinakutia wasiwasi au ni mimi tu? Unapita miteremko ya Inyala na malori nyuma yako.

Nyumba ya Uyole nayo tusiiache. Mchumba wako anasema uza, tupaue. Sina sababu ya kumdhania mabaya, wengi hujenga hivyo, kila mmoja analeta alichonacho. Ila kwa sasa ninyi ni wachumba. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mke kwa mambo mengi: nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yake, na ndoa ikivunjika mahakama hutazama mchango wa kila mmoja katika mali waliyochuma pamoja. Kiwanja alichonunua mwanamume kabla ya ndoa, na bati lililonunuliwa na mchumba kabla ya ndoa, hayo huwa magumu kuyathibitisha baadaye kama hakuna karatasi. Muulize kiwanja kimeandikwa jina la nani, na kama mchango wako utaandikwa mahali mbele ya shahidi. Uliza kwa upole, siku ambayo hamjagombana. Akikasirika kwa kuulizwa, utakuwa umejifunza kitu. Akikaa chini na wewe mkaandika, utakuwa umejifunza kitu kikubwa zaidi.

Nitakuwa mkweli pia juu ya fedha, kwa sababu hapo nahisi umejipunguzia kidogo. Umesema pesa ilikuwa yako, na ilikuwa yako. Lakini mlishazungumza kwamba sehemu yake ni bati, kisha ikawa magurudumu. Je, alijua kabla hujanunua? Barua haisemi. Na habari ya Makambako aliipata kwa kaka yake. Mwanamume anayepata habari za mchumba wake kwa kaka mtu, akiwa amechelewa kujua ya kwanza na ya pili, anaweza kusema neno kali la utingo wakati anachotaka kusema ni "mbona huniambii?" Inawezekana. Inawezekana pia kwamba anataka mke anayekaa anapowekwa, na hilo la "nikae nyumbani kwanza" mimi lilinisimamisha. Mpaka lini? Kwa fedha ya nani? Na leseni yako ya uuguzi, ambayo Baraza la Uuguzi na Ukunga halihuishi bila mafunzo endelevu, itaendeleaje ukiwa umekaa? Mimi simjui, wewe unamjua. Barua ya Rungwe ni nafasi nzuri ya kumfahamu zaidi, kwa sababu inatenganisha mambo mawili aliyoyafunga pamoja. Inakuondoa barabarani, lakini haikuweki jikoni kwake. Atafurahia lipi hasa? Uyole na Rungwe si mbali, Coaster zinapita kutwa. Sikiliza jibu lake la kwanza, kabla hajapata muda wa kulipamba.

Wale wauguzi wa Marekani uliowaona kwenye simu, naomba tuwaweke mahali pao. Kule mkataba wa kawaida wa muuguzi anayehama ni wiki 13. Kuna mawakala wanaomtafutia hospitali na kushughulikia karatasi, na ndani ya malipo yake mara nyingi kuna posho ya makazi. Anayeamua kulala kwenye gari anabaki na sehemu kubwa ya posho hiyo mfukoni, na kuna viwanja maalumu vya magari ya kuishi, vyenye maji, umeme na mahali pa kumwaga taka za choo, unalipia na hakuna anayekuuliza wewe ni mke wa nani. Wewe una usafiri wao bila posho yao, na kitanda chao bila kiwanja chao. Kitu kimoja umewazidi: leseni yako ni ya nchi nzima, Mufindi mpaka Kyela ni ileile, wao wengine inabidi waangalie kila jimbo linataka nini. Simaanishi uache. Ila usijipime na watu ambao hesabu yao imejengwa juu ya msingi ambao hapa haupo, halafu ukajiona umeshindwa pale inapokuwa ngumu. Hukushindwa. Umebuni kitu ambacho mfumo wetu haukukitarajia.

Kuna hesabu moja lakini ambayo ningependa uifanye kwa kalamu. Kazi yako kubwa ni kushika nafasi za wanawake walioko likizo ya uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawapa siku 84 zenye malipo, 100 wakizaa mapacha. Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini kwa kawaida hana likizo ya kulipwa. Mikataba yako ni ya miezi miwili, mitatu. Maana yake siku ukiwa na ujauzito wako, na wewe ni mchumba wa mtu na umri wako ni 31, hakuna atakayekushikia nafasi, kwa sababu hakuna nafasi. Sikuambii uzae. Nakuambia tu swali hilo lipo njiani, na ni bora ulikute umelijua. Vivyo hivyo mafao ya uzeeni: pensheni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mikataba mifupi mara nyingi haina mchango wowote. Ukiamua kuendelea na barabara, unaweza kujiunga NSSF kwa kujichangia mwenyewe, watu wa sekta isiyo rasmi wanafanya hivyo. Na bima ya gari, kama uliyokata ni ndogo, inalipa madhara uliyomfanyia mwingine. Gari lenyewe, godoro, na vyeti vyako vya shule kama viko kwenye sanduku chini ya kitanda, vikiungua ni juu yako. Vyeti hivyo vipeleke kwa mama, usibaki navyo humo.

Nimemtaja mama. Umeandika kwamba anabeba aibu yako. Una uhakika ni aibu? Anakuuliza "unalala wapi" kila jioni, hakuulizi watu watasema nini. Mzazi anayeona aibu hutaka usionekane. Huyu anataka kujua ulipo. Huenda uongo wa chumba cha Njombe ameutunga ili na yeye apate jibu la kujipa usiku, maana wewe jibu lako hubadilika. Mimi ningejaribu kitu kidogo: siku ya mapumziko nenda Wanging'ombe na Hiace, mchana, mpandishe, akae kwenye kitanda cha paina, mchemshie chai. Mwonyeshe kitasa kinavyofungwa kwa ndani. Akiendelea kukataa, atakuwa anakataa kitu alichokiona. Halafu kila jioni mtumie ujumbe kabla hajapiga: niko mahali fulani, mlinzi anaitwa fulani. Hili la usalama wako silifanyii mzaha, mtu mmoja ajue ulipo kila usiku, awe mama au mwingine. (Mimi mwenyewe magari yananitapisha, kwa hiyo uzuri wa safari usitegemee kuusikia kutoka kwangu.)

Kuhusu maneno ya watu wa maegesho, sina dawa. Mwanamke anayelala kando ya barabara ya malori atasemwa hata akiwa mtawa. Unachoweza ni kupunguza usiku wa namna ile. Tafuta kabla ya safari, si baada ya giza kuingia: parokia, usharika, kituo cha afya ulichowahi kufanyia kazi, nyumba ya muuguzi mwenzako yenye geti. Na kwenye kila mkataba mpya omba mwandike mahali pa kuegesha na kuoga, iwe sehemu ya makubaliano, isiwe hisani ya mlinzi.

Sasa barua ya Rungwe. Wewe umeiona ina njia mbili, kuikubali na kuuza, au kunyamaza. Mimi naona inaweza kuwa na zaidi. Unaweza kuikubali ukabaki na gari, likawa la kwenda nalo Wanging'ombe na Uyole, au la kukurudisha barabarani kama mambo yakikataa, ingawa gari linalosimama tu nalo linakula fedha, na mchumba wako atakuuliza linasimama kwa nini wakati nyumba haina bati. Unaweza kuwaomba mkataba wa mwaka mmoja kwanza. Wengine watakubali, wengine wataona huna nia na nafasi itakwenda kwa mwingine, hiyo ni hatari ya kweli na siwezi kuipunguza. Unaweza kukataa kwa maandishi mazuri, ukawaambia uko tayari kuendelea kuwashikia nafasi, mlango usifungwe kwa nyundo. Unaweza pia kuwa unaomba za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, lakini huko hupangi unapopelekwa, na wewe unayependa kuchagua kilima chako huenda ikakuwia ngumu. Kunyamaza tu ndiko ninakokuogopea zaidi. Huenda matroni wa pale alikutetea kwenye kikao, na wauguzi wa kanda hii mnajuana wote. Kimya chako kitafika Makambako na Mufindi kabla yako.

Na usingizi ule mzuri usiutupe kana kwamba ni upuuzi. Jiulize unapenda nini hasa ndani yake. Kama ni kuhama, kuona wodi mpya na watu wapya, basi nyumba nzuri kuliko zote itakuchosha ndani ya mwaka, na mchumba wako ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumaliza mahari. Kama ni ule ufunguo, basi huenda kuna njia nyingine za kuupata, za polepole: kiwanja kidogo chenye jina lako, hata kama ni Wanging'ombe na hata kama kwa miaka mitano kitaota nyasi tu. Na kama ni kwamba baada ya lile kufuli hutaki tena kumtegemea mtu yeyote kwa paa, hilo nalo lizungumze, kwa sababu ndoa ni kutegemeana kwa paa, na yeye hajui kwamba anashindana na hilo. Simulizi ya ndoo zilizopangwa nje, umewahi kumsimulia yote?

Una mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kabla ya hapo ningekwenda Rungwe siku ya mapumziko, bila sare, nikaomba kukaa na matroni nusu saa. Nyumba ina maji? Inakaliwa na mtu mmoja au mnachangia? Kipindi cha majaribio ni muda gani, na katika kipindi hicho nyumba unapewa au unasubiri? Michango ya mafao inapelekwa kila mwezi? Mtu akiacha kazi anapewa siku ngapi za kuhama, na imeandikwa wapi? Mchumba akija kutembea anaruhusiwa kulala? Uombe uone nyumba yenyewe, ushike kitasa. Na mwisho muulize, bila kuona haya, kama Hiace inaruhusiwa kulala ndani ya uzio.